Mota ya mashine yangu ya kusaga: niliyoyabadilisha baada ya umeme kurudi ghafla

Umeme ulikatika saa nne asubuhi tukiwa katikati ya kusaga unga wa lishe. Mtaa wote hapa Kihonda, Morogoro, ukawa kimya. Mahindi, soya na mchele vilikuwa vimejaa mpaka kwenye mdomo wa mashine, na kwa kuwa soya ilikuwa haijapoa vizuri baada ya kukaangwa, vikawa vimeganda pale kwenye koo. Binti anayenisaidia kazi akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuzibua. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akawa anachota. Alikuwa ametoa mkono kujikung'uta vumbi, umeme ukarudi. Mashine ikaunguruma na kuzunguka yenyewe. Hakuna aliyebonyeza kitu. Swichi ilikuwa imeachwa vilevile, imewashwa, tangu umeme ulipokatika.

Nilikaa chini juu ya gunia. Binti alikuwa anautazama mkono wake. Tukafunga mlango, wateja tukawaomba warudi kesho, na kazi haikuendelea mpaka nilipompata fundi mwingine akapitia kila kitu kuanzia kwenye mita mpaka kwenye mota. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa fundi huyo na kwa miaka yangu minne ya kuishi na mashine hii. Mimi si fundi umeme. Ni mama mwenye mota ya nguvu farasi 3 chumbani kwangu, kama ninyi wengi mnaosaga karanga, viungo, chakula cha kuku, au mnaovuta maji ya kisima. Jambo moja ndilo ninalotaka mtu aondoke nalo: mota iwake pale tu mtu alipoamua iwake, na ikiona kosa lolote izimike bila kusubiri ruhusa ya mtu. Ukipata hayo mawili, mikono ya watu wako iko salama, na mota yenyewe itakaa.

Anza na kile kibati

Kila mota ina kibati kimegongewa ubavuni. Wengi tunanunua kwa kuangalia rangi na bei, kibati hatukisomi. Changu kinasema kW 2.2, V 220–240, Hz 50, A 14, mizunguko 1,440 kwa dakika, daraja F, IP 54.

Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo farasi 3 ndizo hizo kilowati 2.2. Lakini hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti. Umeme unaoingia ni mwingi zaidi, kwa mota kama yangu unakaribia kilowati 2.8, na hiyo tofauti yote inageuka joto ndani ya mota. Ndiyo maana mota ina feni nyuma na mapezi mwilini. Joto lile lazima litoke.

Daraja F maana yake kuhami kwa nyaya za ndani kunavumilia mpaka nyuzi 155 za Selsiasi. Mafundi wana kipimo chao cha siku nyingi: kila nyuzi 10 unazozidisha juu ya kiwango, umri wa waindingi, yaani zile koili za waya za ndani, unapungua kwa nusu. Mota haiungui siku moja. Inapikwa polepole miezi kadhaa, halafu siku moja unasikia harufu ya vanishi.

IP 54 ni habari ya vumbi na maji. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Kwenye chumba cha unga usikubali mota ya IP 23, ile yenye matundu wazi, hata ukipunguziwa bei. Unga utaingia ndani, utanyonya unyevu, na utakaa juu ya koili.

Na ile A 14 ndiyo namba ya kuandika kwenye ukuta kwa rangi. Waya, breka (ile swichi inayokata yenyewe mkondo ukizidi), ovalodi nitakayoieleza mbele, kila kitu kinapangwa kwa kuangalia hiyo.

Waya na plagi

Fundi wangu wa kwanza alikuwa anafunga umeme wa nyumba, na kwa taa ni fundi mzuri. Alinivutia waya wa milimita za mraba 1.5 kutoka kwenye meinswichi mpaka kwenye banda la mashine, mita 30 hivi, na mwishoni akaweka soketi ya kawaida na plagi ya pini tatu. Mashine iliwaka, nikamlipa, tukashukuru.

Shida ya kwanza ni plagi. Plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13, na mota inavuta 14 ikiwa imebeba mzigo. Fyuzi haikukatika mara moja, kwa sababu fyuzi inavumilia kidogo, ila plagi ilikuwa inachemka. Baada ya wiki tatu pini zilikuwa nyeusi na soketi imeanza kuyeyuka upande mmoja. Mota ya ukubwa huu haitakiwi kwenye soketi ya ukutani kabisa. Ipewe njia yake peke yake kutoka kwenye meinswichi, na breka yake.

Shida ya pili ni ule waya mwembamba, na hii sikuielewa mpaka fundi wa pili alipokaa akanipigia hesabu kwenye daftari. Umeme ukienda mita 30 na kurudi, umesafiri mita 60. Waya wa shaba wa 1.5 kwa urefu huo una ukinzani wa kama omu 0.73. Mashine ikiwa inasaga, unapoteza volti 10 njiani. Hiyo unaweza kuivumilia. Lakini mota ikiwa inaanza kuzunguka inavuta mara tano mpaka saba ya ampea zake za kawaida. Chukua ampea 70: volti 50 zinaishia kwenye waya. Mota inabaki na 180. Na nguvu ya kuanzia haipungui sawasawa na volti, inapungua kwa mraba wake. Volti zikibaki asilimia 78, nguvu ya kuanza inabaki kama asilimia 60. Hapo ndipo mota inapong'ang'ana, inanguruma, inachukua sekunde sita au saba kushika mwendo badala ya mbili, na kila sekunde ya kung'ang'ana ni joto.

Tulibadilisha tukaweka waya wa milimita za mraba 4. Breka ni ya ampea 20 aina C, ambayo haishtuki na ule mvuto wa kuanzia. Ukiweka aina B itakuwa inaanguka kila unapowasha, na mtu atashawishika kuweka breka kubwa zaidi ya waya. Hilo ni kosa kubwa. Breka inalinda waya. Ukiweka breka ya 40 kwenye waya wa 1.5, waya ndio utakaokatika kwanza, na utakatika kwa moto, ndani ya dari usikoona.

Kuhusu fundi wa kumpa kazi hii: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, inatoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja. Mwombe akuonyeshe leseni yake. Fundi wa kweli haoni vibaya ukimwuliza. Wa kwangu aliitoa kabla sijamaliza sentensi.

Stata ndiyo iliyobadilisha maisha

Swichi ya kisu, au ile ya kugeuza, ukiiwasha inabaki imewasha. Umeme ukikatika haijui. Ukirudi, mota inawaka, awe mtu ana mkono ndani au hana. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, swichi ya namna hiyo kwenye mashine ya kusaga ni mtego.

Stata ni kisanduku cha kuwashia na kuzimia mota, chenye kitufe cha kijani na chekundu, na ina kontakta ndani yake. Ukibonyeza kitufe cha kijani, sumaku inavuta na kushikilia mguso. Umeme ukikatika sumaku inaachia. Umeme ukirudi, hakuna kinachotokea mpaka mtu aje abonyeze kijani tena. Basi. Kifaa hiki kingekuwapo siku ile, binti angemaliza kuzibua na umeme ungerudi bila mtu kustuka. Sijui kwa nini mashine ndogo zinauzwa bila hiki kifaa. Ukinunua mashine na haina, nunua stata siku hiyohiyo, kabla ya kununua hata gunia la kwanza la mahindi.

Chini ya kontakta kuna ovalodi, kile kisanduku chenye kidude cha kuzungusha chenye namba. Kazi yake ni kupima mkondo unaopita na kukata ukizidi kwa muda. Weka kwenye ampea za kibati, kwangu ni 14. Si 18 wala 20. Na kwa kuwa ovalodi nyingi zimetengenezwa kwa fezi tatu, kwa mota ya fezi moja fundi anatakiwa aupitishe waya kwenye njia zote tatu, moja baada ya nyingine, la sivyo ovalodi haipimi sawasawa. Muulize kama amefanya hivyo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mota nyingi zinapofia. Ovalodi inakata. Mteja anasubiri, foleni ipo. Mtu anabonyeza kitufe cha kurudisha, inakata tena. Anachukua bisibisi, anaisogeza mpaka 18. Haikati tena. Anajiona ameitengeneza. Mota yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo, na aliyeisogeza ni mimi, kwa ushauri wa jirani mwenye mashine. Ilidumu siku tisa. Siku hizo tisa nilikuwa nasaga nikiwa na furaha kwamba tatizo limeisha, kumbe nilikuwa nimemziba mdomo yule aliyekuwa ananiambia kwamba kuna mkanda umekaza kupita kiasi na chekecheke limeziba.

Ovalodi ikikata, kitu kimeifanya ikate: umeme mdogo, chekecheke limeziba, nafaka ina unyevu, beringi imekufa, mkanda umekaza, unalisha haraka mno. Tafuta hicho kitu. Subiri dakika kumi mota ipoe, kisha rudisha. Ikikata mara ya pili, funga siku hiyo.

Kuna mota nyingine zina kinga ya joto ndani kwa ndani. Zile zenye kitufe chekundu ubavuni zinasubiri ukibonyeze. Zisizo na kitufe zinajirudisha zenyewe zikipoa, na hizo zinaweza kuwaka hata kama una stata, kwa sababu kontakta yako haijaachia. Kwa hiyo mota ikijizima yenyewe, kwanza bonyeza kitufe chekundu cha kuzimia kwenye stata na uangushe breka, ndipo usogelee.

Umeme mdogo

Jioni kuanzia saa moja hapa kwetu watu wote wanapika, wanapiga pasi, wana televisheni. Niliwahi kupima volti 188. Wengi wanadhani umeme mdogo ni salama kwa mota kwa kuwa ni mdogo. Ni kinyume. Mzigo ni uleule, volti zimepungua, basi mota inavuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile, na ampea ndizo zinazopika waindingi. Nina kipimo kidogo cha volti kimefungwa ukutani. Kikionyesha chini ya 207, ambayo ni asilimia 10 chini ya 230, siwashi. Mteja atanung'unika, nitampa kiti.

Ethi

Mteja mmoja aliniambia, "Mama, mashine yako inawasha kama upupu." Alikuwa ameshika bomba la mdomo wa mashine, miguu mitupu, na tulikuwa tumetoka kupiga deki sakafu. Fundi wa kwanza alinishauri tuvae kandambili. Nawaomba msikubali ushauri huo. Mwili wa mashine ukiwa unawasha, umeme umekwisha kutoka kwenye njia yake na unatafuta ardhi, na siku moja atakuwapo mtoto aliyelowa ambaye atampatia ardhi hiyo.

Kwangu ilikuwa waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa na kukunjwa ndani ya plagi kwa sababu ulikuwa mfupi. Fundi wa pili aliufunga kwenye skrubu iliyomo ndani ya kisanduku cha mota yenye alama ya ethi, akafunga mwingine kwenye fremu ya mashine, na akaupima mpaka kwenye nondo iliyopigwa ardhini. Kisha tukaweka kwenye meinswichi kile kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Kina kitufe kimeandikwa T. Tarehe moja ya kila mwezi nakibonyeza. Kisipoanguka, kimekufa na kinahitaji kubadilishwa, hata kama taa zinawaka vizuri.

Baada ya masika, au maji yakiingia bandani, msiwashe mota kwanza. Mwiteni fundi mwenye kipimo cha mega aipime kwa volti 500 kati ya koili na mwili. Chini ya megaomu 1 mota haina ruhusa ya kuwashwa. Mara nyingi inakuwa na unyevu tu, na ikikaushwa taratibu inarudi.

Puli, mkanda na kanga

Funga mota kwenye zege kwa bolti, na chini yake uweke reli zenye matundu marefu ili uweze kuisogeza kukaza mkanda. Mota iliyofungwa kwenye mbao itatingishika, nati zitalegea, na mkanda utakuwa unakula upande mmoja. Nyoosha uzi kutoka uso wa puli ya mota mpaka uso wa puli ya mashine. Uzi uguse sehemu nne bila kuacha mwanga. Ukikaza, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati: kwa umbali wa nusu mita kati ya shafti na shafti, ushuke kama milimita 8. Ukiwa kamba ya gitaa, unavunja beringi. Ukilegea, unateleza, unanuka mpira na unapata joto. Kama una mikanda miwili, badilisha yote miwili pamoja, kwa sababu mpya na wa zamani havigawani mzigo.

Hesabu ya mwendo ni nyepesi. Mizunguko ya mota zidisha kwa kipenyo cha puli ya mota, gawa kwa kipenyo cha puli ya mashine. Yangu ni 1,440 mara inchi 6, gawa kwa 3, sawa na 2,880. Kuna watu wanaobadilisha puli ya mota wakaweka ya inchi 8 ili unga utoke haraka. Vinyundo, vile vyuma vinavyosaga ndani, vitazunguka haraka, ndiyo, lakini mashine inaweza kuwa haikutengenezwa kwa mwendo huo, na mota itabeba mzigo ambao haukuwa wake. Usibadilishe puli bila kumuuliza aliyetengeneza mashine.

Na kinga ya mkanda. Wateja wetu ni kina mama. Tunavaa kanga, vitenge, mitandio, madera, na wengine wana mtoto mgongoni ambaye ana mikono mirefu kuliko unavyodhani. Mkanda ukishika ncha ya kanga hauulizi. Unavuta kwa nguvu farasi 3, na mtu hawezi kushindana nayo hata sekunde moja. Tengenezeni kinga ya wavu wa chuma inayofunika puli zote mbili, mbele na nyuma, matundu yake kidole kisipite, na ifungwe kwa bolti ili isitolewe kwa mkono. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini kabla ya sheria kuna yule mama anayekuja na debe lake kichwani. Kwangu pia nimechora mstari mwekundu sakafuni. Mteja anaishia pale. Anayeendesha mashine anajifunga kanga kiunoni, mtandio anauingiza ndani ya aproni, na bangili anaziacha mezani. Binti alilalamika wiki ya kwanza. Sasa yeye ndiye anayewakumbusha wengine.

Kuwasha, kuzima, kuzibua

Mota iwashwe mashine ikiwa tupu. Isubiri ishike mwendo, sauti itulie, ndipo ulishe. Kabla ya kuzima, acha nafaka iishe yote ndani. Ukizima ikiwa imejaa, kesho itaanza na mzigo, na kuanza na mzigo ndiko kunakoua kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Usiwashe na kuzima kila baada ya debe moja; kusanya kazi za watu watatu wanne, saga mfululizo.

Kuzibua ni hivi, na hatujawahi kuvunja utaratibu huu tangu siku ile: kitufe chekundu, breka chini, kufuli kwenye kasha la breka, ufunguo mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Siyo mfukoni mwangu, wala si msumarini. Kisha subiri mkanda usimame kabisa, maana vinyundo vinaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kuzimwa. Hata hivyo tumia kijiti cha mti, mkono uwe wa mwisho.

Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima palepale. Sekunde kumi zinatosha kuharibu. Nimeona watu wakiizungusha puli kwa mkono au kwa kamba ili kuisaidia, na ikishika mwendo wanafurahi. Mota ya fezi moja ikisaidiwa kweli inaweza kuzunguka, na inashika ghafla, vidole vikiwa bado kwenye mkanda. Usifanye, na usimruhusu kijana wa mtaani akufanyie. Kunguruma namna hiyo mara nyingi ni kapasita ya kuwashia imekufa, au ile swichi ya ndani inayoachia mota ikishika mwendo, au beringi imeganda. Kapasita ni kitu cha bei ndogo. Lakini inabaki na umeme hata baada ya kuzima na kuchomoa kila kitu, na inaweza kumtupa mtu. Fundi wangu anaitoa umeme kwa kuiunganisha na balbu yenye nyaya mbili kabla ya kuigusa, wala hatumii bisibisi kuipiga cheche.

Unga hewani

Hili wengi hawalijui. Unga mkavu uliotimka hewani ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kushika moto kwa cheche moja, na ukishika unalipuka. Jiko langu la mkaa la kukaangia soya lilikuwa kona ya banda hilohilo. Sasa liko nje chini ya mwembe. Madirisha yako wazi pande mbili, na hakuna anayevuta sigara ndani.

Nina kizimamoto cha unga mkavu mlangoni. Moto wa umeme usiumwagie maji. Kata breka kwanza, kisha kizimamoto, na kama umekuzidi toka nje upige 114 kwa Zimamoto. Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kata breka. Breka ikiwa mbali, msukume kwa ubao mkavu ukiwa umesimama pakavu. Kila mtu anayefanya kazi kwangu anajua breka iko wapi akiwa amefumba macho, na ninasema hivyo kwa kuwa tulijaribu kweli.

Matunzo ya kila siku

Jioni, baada ya kuzima na mota kupoa, binti anasugua mapezi na kifuniko cha feni kwa brashi kavu. Unga ukitanda juu ya mapezi ni kama kuifunika mota blanketi. Hatumwagii maji, na upepo wa kompresa hatuutumii, unasukuma vumbi ndani.

Kila Jumamosi tunakaza nati, tunabonyeza mkanda kwa kidole, na nazungusha shafti kwa mkono mkanda ukiwa umetolewa na kufuli limefungwa. Izunguke kimya. Ikikwaruza kama mchanga, beringi zimechoka. Beringi zilizofunikwa pande zote mbili hazitiwi grisi, zinabadilishwa. Zile za kutiwa grisi zitiwe kidogo. Grisi ikijaa inachemsha beringi badala ya kuipoza. Na fundi akiweka mpya, asizigonge kwa nyundo kwenye ringi ya nje. Atumie kipande cha bomba kinachokaa kwenye ringi ya ndani.

Kama mota imeungua na unaipeleka kusukwa upya, muombe fundi ahesabu mizunguko ya koili za zamani na apime unene wa waya kabla ya kuzikata, asikisie. Waya uwe wa shaba, vanishi imwagwe na ikaushwe kwa joto. Ukiichukua, iwashwe mbele yako bila mkanda kwa nusu saa, apime ampea, kisha uweke kiganja karibu na mwili wake. Yangu ya kwanza ilisukwa, na hadi leo inavuta pampu ya jirani.

Kitu cha mwisho nilichonunua ni kile kipimo cha kubana waya, kinachosoma ampea bila kukata chochote. Kila Jumatatu nafungua daftari naandika tarehe, volti na ampea tukiwa tunasaga. Wiki hii mahindi yalikuwa 11.8 kwa volti 224, soya 12.9. Wiki iliyopita soya ilikuwa 12.4. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kufungua mlango kwa wateja, tunafunga kufuli, ufunguo anaweka binti mfukoni, na tunatoa chekecheke tulikague.